Kuangamiza magugu ya bustani bila viuagugu vya kemikali: ni njia zipi zinazofanya kazi kweli?

MtunzaMatuta ameuliza:

Salamu zenu, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na wenye elimu ya kilimo. Nina bustani ya mboga yenye matuta kadhaa, na katikati yake inapita njia iliyotandikwa mawe. Nimekwisha kuamua kwamba sitatumia viuagugu vya kemikali humo, kwa sababu mboga hizo huliwa nyumbani, watoto hushinda hapo wakicheza, na sipendi kuumwagia udongo kitu ambacho sijui kitaishia wapi mvua ikinyesha. Uamuzi huo umekwisha kupita. Ninachotafuta sasa ni njia mbadala zinazofanya kazi.

Magugu yanayonisumbua ni ya namna tatu. Katika matuta yote huota mchicha pori, kishona nguo na majani mengine madogo madogo, ambayo hung'oka kwa urahisi lakini huchipua upya kwa wingi kila udongo unapotifuliwa au kunyeshewa. Katika matuta mawili kuna ndago, na hizo ndizo zinazonikatisha tamaa, maana nikizikata leo, baada ya siku chache zimesimama tena kana kwamba hazikuguswa. Namna ya tatu ni ukoka na nyasi nyinginezo zilizojipenyeza katika nyufa za njia ya mawe, mahali ambapo jembe haliingii.

Nimekusanya ushauri mwingi, na mwingine unapingana. Wapo wanaosema kwamba siki iliyochanganywa na chumvi na sabuni huua kila kitu, wapo wanaosifu maji yanayochemka, na wapo wanaosema nifunike udongo kwa plastiki, ila hawakubaliani kama iwe nyeusi au ile inayopitisha mwanga. Naomba kufahamishwa mambo matatu: ni njia ipi inayoua gugu mpaka mzizi na ipi inayounguza majani tu, ni ipi itakayouacha udongo ukiwa salama kwa mboga za msimu ujao, na kwa upande wa ndago, je, yapo matumaini ya kuzimaliza, au nitafute namna ya kuishi nazo?

Mpaliliaji amejibu:

Ndugu MtunzaMatuta, kwa kuyatenganisha magugu yako katika namna tatu umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Watu wengi huulizia dawa ya magugu kana kwamba magugu yote ni ya ukoo mmoja, na ndiyo sababu njia iliyomfaa mtu mmoja humwangusha mwingine. Kabla ya kuchagua njia, jiulize gugu lililo mbele yako linauweka wapi uhai wake. Mchicha pori na kishona nguo huuweka katika mbegu. Mmea wenyewe ni wa msimu mmoja, na ukikatwa chini kidogo ya uso wa udongo ungali mchanga, hauinuki tena. Ndago na ukoka huuweka chini ya ardhi, katika vinundu na katika mashina yanayotambaa, kwa hiyo anayekata majani peke yake ameiacha akiba nzima mahali pake. Kundi la kwanza hushindwa kwa kuzuiwa lisizae, na la pili kwa kunyimwa chakula mpaka akiba ile iishe.

Nianze na yale ya mbegu, kwa kuwa ndiyo mengi zaidi. Mmea mmoja wa baadhi ya aina za mchicha pori, ukiachwa ukomae mahali penye nafasi, unaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000, na mbegu hizo hazifi upesi. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu zilizochanganywa na mchanga huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe moja moja kwa vipindi virefu na kupimwa kama mbegu bado zina uhai. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, yaani baada ya miaka 142, bado ilikuwa na mbegu zilizoota. Ni kweli kwamba aina nyingi zilizokuwamo humo zilikwisha kufa zamani, na magugu mengi ya bustani hayana mbegu za umri huo. Hata hivyo jaribio hilo linaonyesha kwa nini hatuwezi kutarajia kuisafisha akiba ya mbegu iliyomo udongoni kwa palizi ya msimu mmoja. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba hakuna mbegu mpya zinazoongezwa, na kwamba zile za chini haziletwi juu.

Jambo hili la pili husahauliwa sana. Mbegu nyingi ndogo za magugu huhitaji mwanga ili ziamke, na hata mwanga wa kitambo kidogo, kama ule zinaoupata udongo unapogeuzwa, hutosha kuziamsha. Ndiyo maana unaona magugu yakifumuka kila baada ya kutifua. Ukiisha kuandaa tuta lako mara ya kwanza, acha kulilima kwa kina. Palilia juu juu, sentimita 2 au 3 tu, kwa jembe dogo lenye makali ya kweli, ukilipitisha sambamba na uso wa udongo ili likate mche chini ya majani yake ya kwanza. Fanya hivyo asubuhi ya siku ya jua, udongo ukiwa mkavu, magugu yakiwa na urefu usiozidi kidole, nayo yatanyauka palepale kabla ya jioni. Palizi ya namna hiyo huchukua dakika chache kwa tuta, ilhali ile ya magugu yaliyofika magotini huchukua siku nzima na hung'oa mboga pamoja na magugu. Kwa yale yenye mzizi mmoja mrefu unaozama, subiri mvua au mwagilia kwanza, kisha uyang'oe kwa mkono au kwa uma wa bustani wakati udongo ni laini, maana mzizi ukikatikia njiani baadhi yao huchipua tena.

Kuna mbinu moja ambayo ningekushauri uianze kabla ya njia nyingine yoyote. Andaa tuta kana kwamba unapanda kesho, lisawazishe, limwagilie, kisha usipande. Subiri siku 10 hadi 14. Mbegu za magugu zilizo karibu na uso zitaota, nawe utazifyeka zote juu juu bila kugeuza udongo, halafu ndipo upande mboga zako. Nafasi ikiruhusu, rudia mara ya pili. Kwa karoti na vitunguu mbinu hii ina thamani kubwa mno, kwa sababu mimea hiyo huota polepole, majani yake ni membamba na hayatii kivuli, hivyo hushindwa haraka na magugu yaliyoitangulia. Mboga zinazopandikizwa zikiwa miche, kama kabichi na nyanya, huanza zikiwa na urefu tayari na huvumilia zaidi.

Ukiisha kupanda, elekeza nguvu zako katika wiki za mwanzo. Kwa mazao mengi ya bustani, theluthi ya kwanza ya maisha ya zao ndiyo inayoamua mavuno. Magugu yanayoota baada ya mboga kufunika ardhi kwa majani yake hayana madhara makubwa kwa zao hilo, ingawa bado hayapaswi kuachwa yatoe mbegu. Miche ikishasimama, weka matandazo ya nyasi kavu au majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo uliokwisha kupaliliwa na wenye unyevu. Mche unaotoka katika mbegu ndogo hauna akiba ya kuupenya unene huo. Yaache matandazo mbali kidogo na shina la mboga ili lisioze, na hakikisha kwamba nyasi unazotandaza zilikatwa kabla hazijatoa mbegu, vinginevyo utakuwa umeyapanda magugu mapya kwa mikono yako.

Haya yote hayatazigusa ndago. Hizo zinahitaji mazungumzo yake peke yake, na kwa ukoka wa njiani naona ni vema tuanze na hilo la siki na chumvi.

Mfinyanzi amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Mpaliliaji, nami nitajibu kuhusu mchanganyiko wa siki, chumvi na sabuni, kwa sababu ushauri huo unaenea kwa kasi na sehemu yake moja ina madhara yasiyorekebishika kwa urahisi.

Siki ya jikoni huwa na asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5. Asidi hiyo ikigusa jani hupasua utando wa chembe hai, maji yaliyomo ndani huvuja, na jani hukauka ndani ya saa chache ikiwa jua ni kali. Kwa kuwa huona matokeo siku hiyohiyo, mtu hudhani kwamba gugu limekufa. Ukweli ni kwamba asidi hiyo haisafiri ndani ya mmea kwenda mizizini. Inaua sehemu iliyoguswa tu. Mche mchanga wa mbegu, wenye umri usiozidi wiki 2 hivi, hufa kabisa kwa kuwa hauna akiba ya kuchipulia. Mmea mkubwa zaidi hupoteza majani na kuyarudisha, na ndago haipati hata hasara ya kutajika. Zipo siki kali za asilimia 20 zinazouzwa kwa kazi hii, lakini asidi ya nguvu hiyo inaweza kuunguza ngozi na kuharibu macho kabisa, na anayeitumia analazimika kuvaa miwani ya kinga na glavu. Wewe umekataa kemikali kwa ajili ya usalama wa watoto, kwa hiyo sioni mantiki ya kuleta bustanini asidi ya namna hiyo kwa sababu tu imeitwa siki. Faida yake moja ni kwamba vijidudu vya udongo huivunja asidi hii kwa muda mfupi, kwa hiyo siki ya kawaida ikinyunyizwa kidogo haiuachii udongo sumu ya kudumu. Sabuni katika mchanganyiko huo haina kazi kubwa zaidi ya kusaidia kimiminika kushika juu ya majani yenye nta.

Chumvi ndiyo ninayokuomba uiache kabisa. Haiozi, haivunjwi na vijidudu, na haigeuki kuwa kitu kingine. Inaondoka tu pale maji mengi yanapoisukuma chini au pembeni, na pembeni huko ni kwenye matuta yako. Chumvi ikizidi udongoni, mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa, kwa hiyo mimea hunyauka ikiwa imesimama ndani ya unyevu. Zaidi ya hayo, sodiamu iliyomo huvunja muundo wa udongo wa mfinyanzi: chembe zilizokuwa zimeshikamana katika mabonge madogo hutawanyika, vitundu vya hewa na maji huziba, na udongo ukikauka hufanya ukoko mgumu usiopitisha maji. Maharage, vitunguu na karoti ni miongoni mwa mboga zinazodhurika mapema kwa chumvi, wakati baadhi ya nyasi, ukoka ukiwa mmoja wao, huivumilia vizuri. Fikiria matokeo yake: unaua mboga na kumbakizia ukoka uwanja mtupu. Usiimwage hata kwenye njia ya mawe, kwa sababu njia hiyo inapita katikati ya matuta na mvua ya kwanza itaibeba.

Maji yanayochemka yanafaa kwa njia hiyo, kwa masharti. Yamwage taratibu, karibu kabisa na shina, yakiwa yametoka motoni wakati huohuo, kwa sababu hupoteza joto haraka yakimwagwa kutoka juu au yakibebwa mbali. Miche michanga itakufa mara moja. Ukoka utaungua juu kisha utachipua, nawe utarudia kila unapoona kijani kipya, kabla majani hayajapata muda wa kurudisha chakula chini. Kwa subira hiyo hudhoofika na kuisha. Usiyatumie ndani ya matuta, kwa kuwa yanaua minyoo ya ardhini na mizizi ya mboga iliyo karibu bila kubagua. Vaa viatu vilivyofunika mguu, tumia birika lenye mdomo mrefu, na watoto wawe mbali.

Baada ya majani kufa, chokoa nyufa hizo kwa kisu cha zamani au chuma chembamba, ondoa udongo na mizizi iliyomo, kisha ushindilie mchanga mkavu mpaka nyufa zijae. Ufa usio na udongo hauna mahali pa mbegu kukaa, na kazi hiyo moja itakupunguzia safari nyingi za birika.

Wengine hutumia moto wa gesi. Unafanya kazi, na hauhitaji kuchoma gugu mpaka liwe jivu. Kupitisha joto kwa kitambo kifupi hutosha kupasua chembe hai za jani, na alama yake ni kwamba jani likibanwa kwa vidole hubaki na doa la kijani kilichokolea. Hata hivyo nyasi nyingi huficha ncha yake ya ukuaji chini ya uso wa udongo na kuponea huko, na penye matandazo makavu moto ni hatari ambayo sipendi kumshauri mtu aikaribishe.

MtunzaMatuta:

Nawashukuru sana. Habari ya sodiamu na udongo wa mfinyanzi sikuwa nimeelezwa mahali popote, na udongo wangu ni wa namna hiyo hasa, kwa hiyo chumvi naiondoa katika mpango wangu. Sasa nibakie na ndago na suala la plastiki. Je, nikilifunika tuta kwa plastiki kwa miezi kadhaa zitakufa? Na iwe ya rangi gani?

Kivuli amejibu:

Rangi inategemea unataka plastiki ifanye kazi gani, na ubishi ulioukuta unatokana na watu kuchanganya njia mbili tofauti.

Plastiki inayopitisha mwanga hutumika kupika udongo kwa jua. Njia hiyo ilifanyiwa utafiti wa kina huko Israeli, ambako Jaacov Katan na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1976, wakilenga kwanza magonjwa yanayokaa udongoni. Tuta husawazishwa, hulowanishwa vizuri kwa sababu udongo wenye maji husafirisha joto kuliko mkavu, kisha hufunikwa kwa plastiki nyembamba inayogusa udongo, na kingo zake zote hufukiwa ili mvuke usitoke. Hukaa hivyo wiki 4 hadi 6 katika kipindi chenye jua kali kuliko vyote mwakani. Sentimita chache za juu zinaweza kupita nyuzi joto 45 za sentigredi siku baada ya siku, na mbegu nyingi za magugu hufa kwa joto hilo. Kwa mchicha pori na jamii yake, hii ni njia nzuri sana, mradi baada ya kuifunua plastiki usilime kwa kina, kwa sababu mbegu zilizo chini zaidi hazikupata joto la kutosha. Mahali penye mawingu mengi au upepo wa baridi, njia hii huleta hasara, kwani plastiki hiyohiyo isipopasha joto la kuua huwa inayatunza magugu kama kitalu.

Plastiki nyeusi, au turubai zito, hufanya kazi kwa kunyima mwanga. Mbegu huota kwa unyevu na joto lililomo, hazipati mwanga, zinakufa. Wiki 4 hadi 6 huweza kutosha kwa magugu ya msimu. Kwa ukoka inabidi uwe na subira ya miezi mingi, na kingo zilindwe, maana mashina yake hutambaa kutoka nje na kulishwa na majani yaliyo kwenye jua.

Ama ndago, nisikufiche: plastiki peke yake haizimalizi. Vinundu vyake viko hadi sentimita 20 au 30 chini, ambako joto la jua hufika limepungua, na ncha ya chipukizi lake ni kali kiasi cha kuitoboa plastiki nyeusi nyembamba na kutokeza juu. Hata maboksi na matandazo mazito huyapenya. Ukitaka kufunika, tumia turubai zito lisilotoboka, nawe ulihesabu kuwa ni msaada wa kudhoofisha.

Matumaini yapo, na yanatokana na namna ndago zinavyoishi. Vinundu vyake vimeungana kwa nyuzi chini ya ardhi kama shanga, na kinundu kinachochipua huzuia macho ya vingine yasichipue. Ukipitisha jembe au mashine ya kutifua, unakata uzi huo, na kila kipande kinaanza maisha yake. Hii ndiyo sababu tuta lililotifuliwa mara nyingi huishia kuwa na ndago nyingi kuliko lilivyoanza. Kwa hiyo anza kwa kufukua badala ya kukata. Chagua siku udongo una unyevu wa wastani, zamisha uma wa bustani pembeni ya shina, inua bonge lote, na uufuate uzi kwa vidole mpaka mwisho. Kwa tuta la ukubwa wa bustani ya nyumbani inawezekana hata kuuchekecha udongo wa juu kwa wavu. Kazi hiyo ni nzito, lakini hufanywa mara moja tu kwa ukamilifu.

Vinundu vitabaki, hilo ulipokee mapema ili usivunjike moyo. Kutoka hapo kanuni ni moja: chipukizi lolote liondolewe kabla halijafikisha majani 5 au 6, kwa kuwa karibu na kipindi hicho ndipo linapoanza kutengeneza vinundu vipya. Kabla ya hapo linaishi kwa kula akiba ya kinundu cha zamani, na kila unapoliondoa umekilazimisha kinundu kitumie akiba zaidi. Kulipitia tuta kila wiki 2 au 3 kunatosha kipindi cha ukuaji wa polepole. Wakati wa mvua na joto, pitia kila wiki. Ukiruka mwezi mmoja, akiba iliyopungua inajazwa upya, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwa sababu tuta huonekana safi na mkono ukalegea.

Tumia pia udhaifu wake mkubwa, nao ni kivuli. Ndago ni mmea wa jua kali na hudumaa sana pasipo mwanga wa kutosha. Katika matuta hayo mawili usipande vitunguu wala karoti kwa misimu miwili au mitatu. Panda viazi vitamu, kunde au maboga, kwa nafasi za karibu, ili majani yafunike ardhi mapema. Wewe endelea kuyang'oa machipukizi yanayotokeza juu ya majani. Na kama una kipindi cha ukame ambacho tuta linaweza kukaa bila zao, lifukue na uviache vinundu juani bila kumwagilia chochote. Kinundu kilichokauka kabisa hakioti tena, na jua la wiki chache mfululizo hufanya kazi ambayo hakuna siki itakayoifanya.

Mpaliliaji ameongeza:

Naomba niongeze tahadhari moja kuhusu samadi na nyasi za kutandaza, kwa kuwa vinaweza kukifikisha bustanini mwako kiuagugu ulichokikataa. Baadhi ya viuagugu vinavyopigwa kwenye malisho, hasa vyenye aminopiralidi, hupita katika tumbo la mnyama bila kuvunjika na kubaki ndani ya samadi, na pia hubaki katika nyasi kavu, kwa miezi mingi. Nyanya, maharage na viazi mviringo hudhurika kwa kiasi kidogo sana cha dawa hiyo, majani yakijikunja na kujisokota. Kabla ya kusambaza samadi usiyoijua ilikotoka, changanya kidogo na udongo katika chungu kimoja, jaza chungu kingine udongo mtupu, panda maharage katika vyote viwili, na ulinganishe majani baada ya wiki 2 hadi 3. Kagua pia udongo wa miche unayoletewa. Kinundu kimoja cha ndago ndani ya kifuko cha mche kinatosha kuanzisha upya yote aliyokueleza Kivuli.

MtunzaMatuta:

Nimeelewa, na nitafanya jaribio hilo la maharage. Swali langu la mwisho: magugu yote nitakayoyatoa niyapeleke wapi? Nina shimo la mboji, lakini naogopa kwamba nitakuwa ninayarudisha matutani.

Mfinyanzi amejibu:

Hofu yako ni ya haki, na jibu linafuata makundi yaleyale. Magugu ya msimu yasiyo na maua yaingie kwenye mboji bila wasiwasi wowote. Ni chakula kizuri. Yaliyokwisha kutoa maua usiyaache chini hata kidogo, kwa sababu baadhi yake huendelea kukomaza mbegu kwa maji yaliyobaki shinani hata baada ya kung'olewa. Hayo yaingie kwenye mboji ikiwa tu lundo lako linapata joto la kweli, nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi, na unaligeuza mara kadhaa ili sehemu za nje ziingie ndani na kupata joto hilo. Lundo dogo linalooza polepole shimoni halifikii hapo, kwa hiyo kama ndivyo lilivyo la kwako, mbegu zisiingie humo.

Yale yenye mashina na majani manene yaliyojaa maji, ambayo hutambaa chini, yasiachwe juu ya udongo wenye unyevu, maana kipande kinaweza kutoa mizizi na kuendelea kukua. Yakusanye yote.

Ndago na ukoka visiingie kwenye mboji vikiwa hai. Vianike juu ya bati, saruji au mawe, visiguse udongo, mpaka mashina yavunjike kwa mlio na vinundu viwe vigumu na vyepesi. Baada ya hapo vinaweza kuchanganywa na mboji. Kama ni kipindi cha mvua na huwezi kuanika, vitumbukize ndani ya ndoo au pipa lenye maji, uvikandamize kwa jiwe ili visielee, na ufunike vizuri kwa sababu ya harufu na mbu, na pia kwa ajili ya watoto. Viache humo wiki kadhaa mpaka vioze kabisa na kuwa tope. Maji yake, yakizimuliwa kwa maji mengi, ni mbolea inayofaa kumwagiwa kwenye shina la mboga zinazokula sana, kama maboga utakayoyapanda katika matuta yale mawili. Kabla ya kumwaga hilo tope lenyewe, lipekue kwa kijiti. Kinundu ambacho bado ni kigumu ukikibonyeza, kirudishe majini.